Kusoma Hitilafu Kwenye Kioo: Ufundi wa Kompyuta Kongwe kutoka Manchester hadi Mountain View

Historia ya kompyuta imeandikwa zaidi kwa kuwafuata wabunifu na wafanyabiashara, na mafundi waliozirudisha mashine hizo kazini kila zilipogoma wametajwa kwa nadra, ingawa bila wao kompyuta nyingi za miaka ya mwanzo zisingemaliza wiki moja zikiwa nzima. Ufundi huo una jambo linaloutenga na ufundi wa saa, wa cherehani au wa injini. Kwa miongo mingi, kifaa kilichomwonyesha fundi mahali palipo na hitilafu kilikuwa chenyewe sehemu ya mtambo ulioharibika, yaani kioo chake. Tyubu ya picha ilikuwa shahidi wa ugonjwa na mara nyingi ilikuwa mgonjwa vilevile, na mbinu nyingi ambazo mafundi wa kompyuta kongwe wanazitumia hadi leo zilizaliwa na haja ya kuzitenganisha hali hizo mbili.

Tyubu ya picha, au kwa jina la kitaalamu tyubu ya miale ya kathodi, ni chupa nene ya kioo iliyonyonywa hewa. Shingoni mwake hukaa kifaa kinachopashwa moto mpaka kitoe elektroni, yaani chembe ndogo za umeme, ambazo huvutwa kwa maelfu ya volti hadi kwenye uso wa mbele uliopakwa fosfori, unga unaotoa mwanga unapogongwa na elektroni hizo. Koili za waya zilizovishwa shingoni, au pleti zilizomo ndani, huupinda mkondo huo ili doa la mwanga lizunguke kwenye uso kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Kifaa hiki kilikomaa katika rada za Vita vya Pili vya Dunia, na watu wa rada ndio waliokiingiza katika kompyuta, kwanza si kwa ajili ya kuonyesha maandishi bali kwa kazi ya kumbukumbu.

Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill waliunda mashine ndogo iliyoendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni 1948, programu iliyochukua dakika 52 kutafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha 262,144 mbali na namba hiyo yenyewe. Tarakimu zilihifadhiwa kama madoa ya chaji kwenye uso wa tyubu, safu 32 zenye madoa 32 kila moja, na kwa kuwa chaji hiyo ilivuja upesi, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, mashine ililazimika kuisoma na kuiandika upya bila kukoma. Bamba la chuma lililonasa chaji liliufunika uso wa tyubu ya kumbukumbu, basi waundaji wakaunganisha tyubu ya pili iliyoonyesha wazi kile kilichofichwa na bamba. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kwa ufundi kuliko inavyokumbukwa, kwa sababu mtu aliyesimama mbele ya mashine aliweza kuiona kila tarakimu kwa macho yake, akatambua doa lililofifia, safu iliyohama mahali pake au tarakimu iliyogeuka bila amri, na kutokana na umbo la kosa akakisia ni upande gani wa mtambo wa kufungua.

Kioo, hata hivyo, kiliripoti kosa lililokwisha kutokea, ilhali mashine zilizojengwa kwa vali za utupu, yaani taa za kioo zilizofanya kazi ambayo baadaye ilichukuliwa na transista, zilihitaji kosa litambuliwe kabla halijafika. Katika mradi wa Whirlwind, uliofanyika Massachusetts Institute of Technology (MIT) chini ya Jay Forrester, wahandisi walibuni njia ya kupandisha na kushusha volteji kwa makusudi nje ya kiwango cha kawaida, ili vali iliyochoka ishindwe wakati wa ukaguzi badala ya kushindwa katikati ya kazi. Ni vigumu kutaja wazo lililowafaa mafundi wa zama zile kuliko hilo, na mafundi wa leo bado hulitumia kwa namna yao wanapopasha chipu moto au kuipoza ghafla ili hitilafu inayokuja na kuondoka ijitokeze mbele yao.

Kwa upande wa biashara, fundi wa zama hizo alikuwa mtumishi wa kampuni iliyotengeneza mashine. IBM ilikodisha mitambo yake badala ya kuiuza, na matengenezo yalikuwa sehemu ya kodi, kwa hiyo michoro ya sakiti, yaani ramani za njia za umeme, ilibaki mikononi mwa watu wake. Makubaliano ya mahakamani ya mwaka 1956 kati ya kampuni hiyo na serikali ya Marekani yaliilazimisha kuuza mashine pamoja na kukodisha, na kuwapa watu wengine vipuri na maelezo ya matengenezo. Suala la nani ana haki ya kuushika mchoro litarudi tena na tena katika historia hii, na kwa kiasi kikubwa ndilo lililoamua ni kompyuta zipi zinaweza kufufuliwa leo kwa urahisi na zipi kwa mateso.

Mwaka 1977 ulileta kompyuta tatu zilizouzwa zikiwa kamili kwa watu wa kawaida, nazo ni Apple II, TRS-80 ya Tandy na Commodore PET. Kioo cha TRS-80 kilikuwa televisheni nyeusi na nyeupe ya RCA iliyoondolewa uwezo wa kupokea vituo, jambo lililomfanya fundi wa televisheni wa mtaani kuwa, bila kutarajia, fundi halali wa kompyuta. Kampuni ya Howard W. Sams ya Indianapolis, ambayo tangu 1946 ilikuwa ikiwachapishia mafundi redio michoro ya vyombo vya kila kampuni, katika miaka ya 1980 ilitoa mfululizo kama huo kwa ajili ya kompyuta, na kwa njia hiyo elimu ya fani moja ikamiminika katika nyingine.

PET ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hakuna mashine inayoeleza vizuri zaidi jinsi kioo kinavyosomwa. Bodi yake ya sakiti na kioo cha inchi 9 vilikaa katika umbo moja la chuma, na sehemu ya juu ilifunguka kwa bawaba ikategemezwa na fimbo, hivyo fundi aliifikia kila chipu bila kung'oa chochote. Jambo la msingi ni kwamba sakiti iliyochora herufi kwenye kioo haikuitegemea prosesa, yaani chipu inayotekeleza amri. Ilisoma yenyewe kumbukumbu ya picha yenye nafasi za herufi 1,000, safu 25 za herufi 40, na kuzichora mara nyingi kila sekunde. Mashine inapowashwa kumbukumbu hiyo hujaa takataka, kwa hiyo herufi na alama zisizo na mpangilio hutokea kwanza, kisha prosesa 6502, iliyobuniwa na kundi la Chuck Peddle na kutolewa mwaka 1975, huzifuta na kuandika salamu ya kuanza.

Kutokana na mpangilio huo fundi hupata habari nyingi kabla ya kugusa kipimo chochote. Kioo kikibaki cheusi kabisa, tatizo linatafutwa katika umeme, katika sakiti ya picha au katika kioo chenyewe. Kikionyesha takataka zisizoondoka, kioo ni kizima, sakiti ya picha ni nzima, na anayeshukiwa ni prosesa au chipu za kumbukumbu ya kudumu ambamo programu ya kuanzia imehifadhiwa. Takataka zikifutwa lakini salamu isitokee, prosesa imeanza kazi na kukwama njiani. Hata salamu yenyewe ilikuwa kipimo, kwani mashine ya kilobaiti 8 ilipaswa kutangaza kwamba baiti 7167 ziko wazi, na kwa kuwa hesabu ilisimama kwenye nafasi ya kwanza iliyokataa kushika tarakimu, namba pungufu ilimwelekeza fundi moja kwa moja kwenye chipu iliyokufa.

Palipokuwa na takataka zisizoondoka, mafundi walitumia mbinu ambayo uzuri wake umo katika wepesi wake. Prosesa ilitolewa kwenye soketi yake, njia zake nane za data zikatengwa na bodi, kisha zikafungwa kwa namna iliyoifanya prosesa isome daima amri moja tu, ile ya kutofanya lolote. Prosesa iliyolishwa amri hiyo haina la kufanya ila kwenda kwenye anwani inayofuata, na inayofuata tena, mpaka izimalize zote 65,536 na kuanza upya. Kwa hiyo njia 16 za anwani hugeuka kuwa saa, kila njia ikipiga kwa nusu ya kasi ya iliyoitangulia, na fundi mwenye oskiloskopu, kifaa kinachochora umbo la volteji kwenye kioo kidogo, anaweza kupita kwenye bodi chipu kwa chipu na kuona ni wapi mpigo unapotea. Kampuni ya Hewlett-Packard iliiendeleza fikra hiyo mwaka huohuo wa 1977 kwa chombo chake 5004A, ambacho kiliugeuza mfululizo mrefu wa mipigo kuwa alama fupi nne ambazo fundi alizilinganisha na zile zilizochapishwa na mtengenezaji.

Commodore 64 ya mwaka 1982 iliifikisha kazi ya kioo mbali zaidi. Kampuni iliwapa mafundi wake kichomekwa cha uchunguzi kilichochukua nafasi ya programu ya kuanzia, na ambacho kiliweza kufanya kazi hata kumbukumbu yote ikiwa imeharibika. Chipu za kumbukumbu zilikuwa nane, kila moja ikishika tarakimu moja ya kila baiti, na kichomekwa kilipogundua iliyokufa kilikipepesa kioo kizima idadi ya mara inayoonyesha ni ipi. Chanzo cha vifo hivyo mara nyingi kilikuwa nje ya mashine, katika kisanduku cha umeme kilichojazwa gundi ngumu kiasi cha kutofunguka kwa urahisi, ambacho kwa uzee huacha kuidhibiti volti 5 na kuipandisha polepole hadi kumbukumbu iungue. Ndiyo sababu fundi mwenye uzoefu hupima kwanza kisanduku hicho kwa multimita, kabla ya kukiunganisha na kompyuta.

IBM ilipoingia katika soko la kompyuta ndogo tarehe 12 Agosti 1981 kwa mashine 5150, ilifanya jambo ambalo halikutarajiwa kwa kampuni yenye historia yake, ikauza kitabu cha kiufundi chenye michoro yote ya sakiti na programu nzima ya kuanzia ikiwa imechapishwa mstari kwa mstari. Mashine yenyewe ilijikagua ilipowashwa na kuandika hitilafu kwa namba, kama 201 kwa kumbukumbu na 301 kwa kibodi, na tarakimu zilizotangulia 201 zilitaja kundi na chipu. Kwa kuwa kadi ya picha yenyewe ingeweza kuwa mbovu, spika ilipewa lugha yake, mlio mmoja mfupi ukimaanisha kwamba yote ni mazima na mmoja mrefu wenye miwili mifupi ukimaanisha kwamba kadi ya picha imeshindwa.

Kioo chake cha kijani, 5151, kilikuwa na udhaifu ambao mafundi waliujifunza kwa hasara. Hakikuwa na mpigo wake wa ndani wa kuongoza mistari ya picha, kilitegemea mpigo wa kompyuta wa mara 18,432 kwa sekunde, na plagi yake ya pini 9 ilitoshea pia kwenye soketi ya kadi ya rangi iliyopiga mara 15,750 hivi. Kukichomeka kwenye kadi isiyo yake, au kuiamuru kadi sahihi kwa programu yenye makosa, kuliweza kuichosha na kuiunguza sakiti ya mistari pamoja na transfoma ya flaibeki, ile inayozalisha maelfu ya volti kwa ajili ya tyubu. Ni nadra programu kuweza kuharibu chuma, na huu ulikuwa mmoja wa mifano ya wazi.

Macintosh ya kampuni ya Apple, iliyotolewa tarehe 24 Januari 1984, iliufunga mlango ambao mashine nyingine ziliuacha wazi. Ilifungwa kwa skrubu za aina ambayo mtu wa kawaida hakuwa na bisibisi yake, na kioo, umeme na kompyuta vilibanana katika ganda moja lisilo na feni, ambamo joto lilipanda na kuvunja viungo vya risasi kwenye bodi iliyoendesha tyubu. Mawakala walioidhinishwa walitakiwa kubadilisha bodi nzima badala ya kutafuta kijenzi kilichokufa, na bei ya bodi ilikuwa kubwa. Dhidi ya utaratibu huo alisimama Larry Pina, Mmarekani aliyechambua bodi hizo kijenzi kwa kijenzi na kuchapisha mwaka 1992 kitabu cha The Dead Mac Scrolls, ambamo msomaji alianza na alichokiona kwenye kioo na kuishia na jina la kijenzi cha kununua. Mstari mmoja wima unaong'aa katikati ya giza, kwa mfano, humaanisha kwamba volteji kubwa ipo na tyubu ni nzima, lakini mkondo haupindwi kushoto na kulia, na mara nyingi dawa yake katika Macintosh za mwanzo ilikuwa kulehemu upya kiungo cha plagi ya koili kilichopata ufa. Kazi ya Pina inastahili heshima kubwa kuliko iliyopata, kwa kuwa iliuweka wazi ufundi ambao mtengenezaji hakuukusudia uwepo.

Kufikia wakati huo maana ya kutengeneza kompyuta kongwe ilikuwa imeanza kubadilika, kutoka kuirudisha kazini upesi hadi kuihifadhi isipotee. Computer Conservation Society iliundwa Uingereza mwaka 1989 kwa ushirikiano wa British Computer Society na Science Museum ya London, na miongoni mwa kazi zake ni nakala ya mashine ya Manchester iliyojengwa chini ya Chris Burton na kuendesha programu ya mwanzo miaka 50 kamili baadaye, Juni 1998. Adui wa wahifadhi si yuleyule aliyewasumbua mafundi wa zamani. Betri za nikeli na kadimiamu zilizolehemiwa kwenye bodi huvuja na kula nyuzi za shaba. Kapasita ndogo za maji, yaani vijenzi vinavyohifadhi chaji vikiwa na kimiminika ndani, zilizowekwa kwenye Macintosh za kuanzia 1989 kama SE/30, hutoa kimiminika chao na kuacha kioo kikionyesha michirizi tu. Kapasita za karatasi za kampuni ya Rifa, zilizomo katika visanduku vya umeme vya kompyuta za BBC Micro na Apple II, hunyonya unyevu kupitia nyufa za ganda lao na kupasuka kwa moshi mzito dakika chache baada ya kuwashwa. Zote huharibika zikiwa kabatini, bila kutumika, na kwa hiyo kuwasha mashine iliyokaa miaka 20 ili kuona kama bado ni nzima ni kosa ambalo hakuna mhifadhi makini analoliruhusu.

Mfano bora wa uangalifu huo ni PDP-1 ya kampuni ya Digital Equipment, mashine ya transista ambayo iliundwa kwa idadi ya 53 hivi, na ambayo katika MIT, mwaka 1962, Steve Russell na wenzake waliiandikia mchezo wa Spacewar!. Watu wa kujitolea wa Computer History Museum huko Mountain View, California, walianza kuirudisha moja mwishoni mwa mwaka 2003, na kabla ya kuiwasha walizishughulikia kapasita kubwa za umeme. Ndani ya kapasita ya aina hiyo kuna bamba la alumini lenye utando mwembamba wa oksidi unaozuia umeme kupita. Utando huo hudhoofika usipotumika, na volteji kamili ikija ghafla, kapasita huchemka na kupasuka, lakini volteji ikipandishwa polepole kwa saa nyingi kupitia resista, yaani kijenzi kinachopunguza mkondo, utando hujijenga upya. Kwa njia hiyo vijenzi vya asili viliweza kubakizwa badala ya kutupwa, na mashine ikaanza kuonyeshwa kwa umma mwaka 2006.

Kioo cha PDP-1 ni cha duara, cha inchi 16, chenye fosfori ya tabaka mbili iliyotoka katika rada, ambayo hung'aa kwanza kwa buluu kali kisha ikabaki na mwanga wa kijani na njano unaofifia polepole, hata vyombo vya Spacewar! vikaacha mikia nyuma yake. Kioo bapa cha kisasa huweza kuigiza jambo hilo kwa hesabu, na wapo wanaotetea kukitumia ili tyubu isichakae, lakini mashine iliyopewa kioo cha namna hiyo imepoteza kile ambacho waandishi wa mchezo walikiona, na jumba la makumbusho lilifanya vema kubaki na tyubu yenyewe na kuiwasha kwa ratiba ya siku chache.

Ugumu wa kubaki na tyubu huonekana ikilinganishwa na sehemu nyingine za kompyuta kongwe, ambazo zinaweza kuundwa upya. Bodi huchorwa tena kutoka katika michoro ya zamani, na chipu za PET zisizotengenezwa tena hubadilishwa kwa bodi ndogo zenye kumbukumbu za leo. Tyubu haina njia hiyo. Karakana zilizozifufua zilikata shingo, zikalehemu kwa moto wa gesi shingo nyingine yenye kifaa kipya cha kutoa elektroni, zikaiweka chupa nzima kwenye tanuri huku pampu ikinyonya hewa kwa saa kadhaa, kisha zikaiziba, na hitilafu ndogo katika hatua yoyote iliiacha na ufa. Hawk-Eye ya Des Moines, mojawapo ya karakana za mwisho za aina hiyo nchini Marekani, ilifungwa mwaka 2010, na mitambo yake ilichukuliwa na jumba la Early Television Museum la Hilliard, Ohio. Kwa kompyuta za nyumbani, fundi wa leo hutafuta tyubu nzima ndani ya televisheni ndogo au kioo cha ofisi kilichotupwa, yenye pembe ileile ya mkunjo, kipenyo kilekile cha shingo na volteji ileile ya kupasha moto, kisha huivisha koili zilizotoka kwenye tyubu iliyokufa, kwa sababu koili hizo ndizo zilizokadiriwa kwa sakiti ya kompyuta, na zile zilizokuja na televisheni zingeichora picha ikiwa fupi au imepinda pembeni.